Kadi sita na nyumba mwakani: ifungwe ipi, iombwe ipi?

Dada mmoja wa Columbus, Ohio, ameniandikia hivi, nimefupisha kidogo:

"Kaka habari za kazi. Mimi mtu wa Tanga, niko huku tangu 2016, nahudumia wazee kwenye nyumba za uangalizi. Nina kadi sita za krediti na zimenichanganya. Ya kwanza ya dipoziti, niliifungua 2017, limiti 300, haina ada. Ya pili ya duka la nguo, limiti 600, siitumii. Ya tatu ni ile ya watu wenye krediti mbovu, niliichukua 2019, limiti 500, ada dola 75 kwa mwaka na kila mwezi wananikata dola 8 nyingine. Ya nne ya keshibeki asilimia 2, limiti 5,000, hii nadaiwa 3,200 kwa riba ya 28. Ya tano ya shirika la ndege, niliifungua 2023, limiti 4,000, ada 99 inakuja mwezi ujao. Ya sita ya duka la fanicha, limiti 2,500, nilichukua vitu vya 1,800 kwa ile ofa ya miezi 12 bila riba, nimebakiza 1,100, ofa inaisha mwezi wa 11. Skoo yangu ya krediti 668. Mwakani mwezi wa 6 nataka kuomba mkopo wa nyumba. Desemba naenda Tanga harusi ya mdogo wangu. Binamu yangu anasema nifunge zote nibaki na moja, mwingine anasema nisifunge hata moja na niache deni kidogo kidogo ndo skoo inapanda. Alafu barua mbili zimekuja, Chase Sapphire Preferred ya pointi na Blue Cash Preferred ya Amex ya supamaketi. Niombe ipi? Nifunge ipi? Kwa mwezi naweza kutoa 450 kwenye madeni, na mwezi wa 10 ni zamu yangu ya mchezo, napokea 1,500."

Dada yangu, asante kwa kuandika na namba zote, wengi wananiuliza "kadi gani nzuri" bila kuniambia wanadaiwa kiasi gani, na hapo hata mtu awe mtaalamu vipi hawezi kukujibu. Miaka 11 nimekaa na watu wetu wakijiandaa kununua nyumba, Waswahili, Wakongo, Warundi, Wasomali, na barua kama yako naijua vizuri. Nitakupa jibu langu mapema alafu nieleze sababu: funga moja leo, ya ndege ibadilishe usiifunge, tatu ziache zilivyo, ya fanicha ilipwe kabla ya kitu kingine chochote, na uombe moja tu mpya ambayo haimo kwenye hizo barua mbili. Barua zote mbili weka pembeni mpaka upate funguo za nyumba.

Kwanini nimeanza na nyumba? Kwasababu hiyo tarehe ya mwezi wa 6 ndo inayoamua mambo yote hapa. Kadi ambayo ni nzuri kwa mtu asiye na mpango wowote inaweza kuwa mbaya kwako, na kadi ambayo ningemwambia mwenzio aifunge kesho wewe nakwambia ivumilie miezi kumi.

Tuanze na hao ndugu wawili wanaokushauri, maana wote wamekosea na wote wana nia njema. Skoo ya FICO, ndo ile alama ya krediti ambayo benki nyingi wanaiangalia kabla ya kukukopesha, inaanzia 300 mpaka 850, na inapikwa kwa vitu vitano: kulipa kwa wakati asilimia 35, kiasi unachodaiwa ukilinganisha na limiti asilimia 30, umri wa akaunti zako 15, maombi mapya 10, na mchanganyiko wa aina za mikopo 10. Sasa chukua hiyo ya pili. Limiti zako zote ukijumlisha ni 12,900, unadaiwa 4,300, yaani umetumia theluthi moja, asilimia 33. Ukimsikiliza binamu ukafunga ya ndege, ya nguo na ile ya ada, umetupa limiti ya 5,100, deni ni lile lile 4,300 lakini sasa liko juu ya 7,800, umeruka mpaka asilimia 55. Hujakopa hata senti, hujachelewa bili, ila kwenye mashine unaonekana mtu aliyebanwa. Hili nimeliona kwa macho yangu si mara moja, mtu anafunga kadi kama anayesafisha nyumba kabla ya mgeni, mgeni anafika anakuta skoo imeshuka pointi 30.

Huyo wa pili, wa kuacha deni kidogo ili skoo ipande, naomba uniamini hapa kwasababu hii imani imewala watu wetu pesa nyingi sana. HAKUNA faida yoyote ya kulipa riba. Skoo haijui kama umelipa riba au hujalipa. Inachoangalia ni salio lililoripotiwa siku stetimenti (ile bili ya mwezi) inatoka, basi. Ukiona dola 40 kwenye stetimenti alafu ukalipa zote 40 kabla ya tarehe, umepata kila kitu unachotakiwa kupata na benki haijapata riba kwako. Sheria ya mwaka 2009 inawalazimisha wakupe angalau siku 21 toka stetimenti itoke mpaka siku ya kulipa, hizo siku ni zako, zitumie.

Kuna wasomaji wananiuliza kuhusu riba kwa upande wa dini. Mimi si shehe, swali la kusaini mkataba wenye kipengele cha riba kamuulize anayejua, ninachoweza kusema ni jinsi mashine inavyofanya kazi: anayelipa stetimenti yote kila mwezi halipi riba hata senti moja.

Sasa kadi moja moja, na siendi kwa mpangilio wako, naenda kwa uharaka.

Fanicha. Hii ndo inayonitisha kuliko zote na naona wewe umeiandika mwishoni kama kitu kidogo. Ile "miezi 12 bila riba" ya maduka siyo sawa na asilimia sifuri ya kadi ya kawaida, soma mkataba utaona maneno "ikilipwa yote ndani ya muda". Maana yake riba inahesabiwa kimya kimya toka siku uliyobeba sofa, imewekwa pembeni inakusubiri. Ukimaliza ndani ya muda wanaifuta. Ukibakiza hata dola 10, wanakubandika riba yote ya mwaka mzima kwa mkupuo, na kadi za maduka riba yake mara nyingi inacheza kwenye 30. Kwa deni lako hiyo ni zaidi ya dola 400 kwa usiku mmoja. Nilikuwa na mama mmoja, Mkongo, mtu makini, alilipa kile kiasi cha chini kilichoandikwa kwenye bili kila mwezi bila kukosa akiamini kwamba mwaka ukiisha na deni litakuwa limeisha. Halikuisha. Kile kiwango cha chini hakijapangwa kukumalizia deni ndani ya ofa, wewe ndo unatakiwa ugawanye mwenyewe. Alilia pale ofisini na mimi sikuwa na cha kumsaidia zaidi ya kupiga nae simu kuomba huruma, tukapewa nusu.

Kitu kingine kuhusu hiyo ofa: tarehe ya mwisho ya ofa si lazima iwe sawa na tarehe ya kulipa bili. Inaweza kuwa ofa inaisha tarehe 9 na bili yako ni tarehe 18, ukalipa tarehe 15 ukiona umewahi kumbe umechelewa siku sita. Tarehe imeandikwa kwenye stetimenti, iangalie, na upange kumaliza mwezi mzima kabla.

Kadi ya keshibeki, ile inayokurudishia asilimia kidogo ya unachonunua, hiyo ya deni la 3,200. Kwa riba ya 28 inakula kama dola 75 kila mwezi. Naona kwenye barua yako (sehemu niliyoifupisha) unasema bado unanunulia chakula na mafuta "ili nipate ile asilimia 2". Dada, acha leo. Na sababu siyo tu kwamba 28 ni kubwa kuliko 2. Sababu ni kwamba ukishabeba deni toka mwezi uliopita, zile siku 21 za bure zinaondoka, kila unachonunua kinaanza kuhesabiwa riba siku ile ile unayochanja. Mchele ulionunua Jumamosi umeshaanza kudaiwa riba Jumamosi. Kwahiyo ukinunua vya dola 600 unapata 12 za keshibeki na unalipa 75 za riba, na hizo za mwezi huu nazo zinaongezeka juu. Nunulia kwa debit, ile kadi inayokata pesa yako mwenyewe iliyoko benki, mpaka hii kadi isome sifuri. Kadi yenyewe usiifunge, hii ndo itakuwa kadi yako kuu baadae, ni kadi nzuri kabisa, deni ndo baya.

Na hapa ndo linapokuja lile ombi moja ninalokuruhusu. Ziko kadi zinazokubali kuhamishiwa deni kwa asilimia sifuri, nyingine miezi 12, nyingine mpaka 21, wanachukua ada ya uhamisho asilimia 3 mpaka 5 mara moja. Kwako asilimia 3 ni dola 96, asilimia 5 ni 160. Nimepiga hesabu kwa mpango wako wa malipo, ukibaki hapo ulipo mpaka umalize utalipa riba kama dola 400. Kwahiyo unaokoa kati ya 240 na 300, si utajiri ila ni karibu tiketi ya basi na michango yote ya Desemba. Mambo ya kuangalia: iwe benki nyingine, maana hawakubali uhamishe deni toka kadi yao kwenda kadi yao, isiwe na ada ya mwaka, na uhamishe ndani ya siku za mwanzo walizokupangia maana ada ndogo mara nyingi ina mwisho wake. Ukishahamisha usinunue kitu kwa hiyo kadi mpya, kwasababu mara nyingi manunuzi hayamo kwenye sifuri na utarudi kwenye tatizo lile lile la mchele wa Jumamosi.

Skoo ya 668 ni pale pale mlangoni, wengine watakukubali wengine hapana, kwahiyo usirushe maombi ovyo. Benki karibu zote kubwa zina ukurasa wa kuangalia kama utakubaliwa, unajaza jina na kipato na hawagusi skoo yako. Anzia huko. Ombi kamili ndo linaacha alama, alama inakaa kwenye ripoti yako ya krediti miaka 2 na FICO inaihesabu miezi 12, ni pointi chache tu, lakini nne kwa pamoja mbele ya mtu wa mkopo wa nyumba zinaonekana kama njaa. Fanya ombi SASA, mwezi huu, ili mpaka mwezi wa 6 kadi iwe na karibu mwaka na isiwe kitu kipya. Ikifika mwezi wa 1 hujaomba, basi usiombe tena. Na kama uliwahi kufunga ripoti zako kule Equifax, Experian na TransUnion, zile kampuni tatu zinazotunza ripoti za krediti, kwa kuogopa wezi, zifungue kwanza, ni bure, la sivyo utakataliwa bure bure.

Wakikataa wote, nenda krediti yunioni. Watu wetu wengi hawazijui wakati ni kitu tunachokijua toka nyumbani, ni kama SACCOS tu, wanachama ndo wenyewe. Zile zenye leseni ya serikali kuu zimewekewa dari, hawaruhusiwi kukutoza zaidi ya asilimia 18 kwa mwaka kwenye mikopo yao ya kawaida. Toka 28 kwenda 18 bado ni nafuu. Unafungua akaunti kwa dola tano au ishirini hivi, unaongea na mtu, siyo mashine.

Kadi ya tatu, ya ada. Hii ifunge leo, nimesema leo. Dola 75 za mwaka na 8 za kila mwezi ni 171 kwa mwaka, kwa limiti ya 500! Unakodi dola 500 kwa 171. Tangu 2019 umeshawapa karibu dola elfu moja na ulichopata ni kipande cha plastiki. Naelewa kwanini uliichukua, wakati huo mlango mwingine ulikuwa umefungwa, na mimi mwenyewe nilipofika Houston benki moja iliniuzia kadi ya aina hiyo hiyo, muuzaji hakunieleza hizo ada za mwezi, nikaja kuziona kwenye stetimenti. Sheria inawazuia ada za mwaka wa kwanza zisizidi robo ya limiti, baada ya hapo wanapumua. Utaniuliza je skoo? Ukiondoa limiti ya 500 matumizi yako yanatoka asilimia 33 yanaenda karibu 35. Hakuna mtu atakayeona. Na umri wake haupotei kesho, akaunti iliyofungwa ikiwa safi inabaki kwenye ripoti mpaka miaka 10 na FICO inaendelea kuuhesabu umri wake muda wote huo. Hii ya kwamba ukifunga kadi historia inafutika papo hapo ni uvumi, kinachoondoka papo hapo ni limiti tu.

Namna ya kuifunga, maana hawa ni wagumu. Kwanza toa malipo yote yanayojilipa yenyewe kwenye kadi hiyo, lipa salio liwe sifuri, piga simu namba iliyo nyuma ya kadi, sema nataka kufunga. Watakupa kwa mtu wa kubembeleza, atakuambia tunakuondolea ada ya miezi mitatu, tunakuongezea limiti. Asante, nafunga. Omba wakutumie barua au ujumbe wa maandishi kwamba imefungwa kwa ombi la mteja na salio sifuri. Baada ya miezi miwili chukua ripoti zako kwenye AnnualCreditReport.com, ni bure na unaweza kuchukua kila wiki, uhakikishe hawajaacha kaada kadogo kanazaana huko, nimeshawahi kuona dola 8 zilizosahauliwa zikawa bili iliyochelewa, na bili iliyochelewa inakaa miaka 7.

Ya ndege. Hapa ndo watu wanafanya makosa ya haraka. Umesema hujapanda hiyo ndege tangu upate bonasi kwasababu haifiki Dar, sawa, kwahiyo 99 haina kazi. Lakini limiti yake ya 4,000 ndo inakubeba, ukiifunga saivi matumizi yanaenda asilimia 48. Suluhisho ni kupiga simu na kuomba kubadilishiwa kwenda kadi yao isiyo na ada. Unabaki na akaunti ile ile, umri ule ule, limiti ile ile, hakuna ombi jipya, ada ndo inaondoka. Kadi nyingi za ndege zina dada yake mdogo wa bure, United wanayo, Delta wanayo, American wanayo. Uliza kabla ya ada kuingia, na kama imeshaingia uliza hivyo hivyo maana benki nyingi zinarudisha ada ukiwahi ndani ya mwezi mmoja hivi. Wakisema hawana kadi ya kubadilishia, uliza kama wanaweza kusamehe ada mwaka huu. Wakikataa yote mawili, lipa hiyo 99, ndiyo, mimi nakwambia ulipe, kwasababu mkopo wa nyumba ukipanda hata robo ya asilimia kwa skoo iliyoshuka utalipa zaidi ya hiyo 99 kila mwaka kwa miaka 30. Alafu uifunge ukishapata funguo. Maili zako zitumie au zihamishie kwenye akaunti yako ya ndege kabla ya kugusa chochote, za ndege kwa kawaida zinabaki kule kwao, ila pointi za benki zinakufa na kadi.

Ya nguo, iache. Haikuli kitu, haikusaidii sana, siku wakichoka wataifunga wenyewe. Kama unajijua ukipita mlangoni unaingia, ikate na mkasi, akaunti ibaki.

Ya dipoziti ya 2017 ndo bibi yao, hii inabaki. Ila dola 300 zako zimekaa huko miaka yote hii, mbona hawajakurudishia? Piga uombe wakuhamishie kwenye kadi ya kawaida akaunti ile ile na dipoziti irudi. Wengine hawafanyi mpaka uombe. Wakigoma, vumilia mpaka nyumba ipite. Muhimu isilale, maana kadi isiyotumika benki wanaweza kuifunga bila kukuuliza, iwekee bili moja ndogo, ya simu kwa mfano, na ujilipie otomatiki stetimenti yote.

Mpango wa pesa sasa, nimetumia namba zako. Mwezi wa 8 na wa 9, katika 450 zako toa 275 kwenye fanicha na 175 kwenye deni lililohamishwa. Mwezi wa 10 mchezo unaingia, una 1,500 na 450 yako, jumla 1,950: 550 inamaliza fanicha, mwezi kabla ya ofa kuisha, na 1,400 inaenda kwenye lile deni lingine, linabaki kama 1,550. Najua mchezo una mipango yake na kuna watu nyumbani wameshahesabu hiyo pesa kabla yako, tena mwaka wa harusi, lakini safari hii nakuomba waambie imeshapangiwa. Mwezi wa 11 na 12 lipa kiwango cha chini tu kwenye kadi, pesa inayobaki ni ya safari, sitaki uende harusini umebana meno alafu ukirudi kadi imejaa. Januari unarudi kwenye 450, na mwezi wa 4 umemaliza. Mwezi wa 5 kadi zote zinaripoti sifuri au vidola vichache, mwezi wa 6 unaingia kwa mtu wa mkopo. Huyo atavuta skoo tatu na kuchukua ya katikati, kwahiyo ripoti zote tatu ziwe safi. Na atahesabu pia yale malipo ya chini ya kila kadi dhidi ya mshahara wako, deni likiwa sifuri hapo nako umepumua.

Kuanzia siku unapoomba nyumba mpaka siku ya funguo usifungue wala usifunge chochote. Hata sofa. Hasa sofa! Mtu anapata barua ya kukubaliwa, anafurahi, anaenda kuchukua makochi ya nyumba mpya kwa mkopo, wale jamaa wa mkopo wa nyumba wanaangalia ripoti tena siku chache kabla ya kusaini, mkopo unayumba. Kaeni kwenye mkeka wiki mbili.

Hizo barua mbili. Ile ya Sapphire inataka utumie dola 5,000 ndani ya miezi 3, na miezi mitatu hiyo ni ile ile tunayolipa fanicha. Huwezi kufanya yote mawili, utajikuta umenunua tiketi na zawadi kwa kadi na deni limebadilisha jina tu. Baada ya nyumba ni kadi nzuri kwa mtu wa Tanga, kuliko hiyo ya ndege uliyonayo, kwasababu pointi za Chase unaweza kuzihamishia Flying Blue, mpango wa maili wa KLM, ukapanda KLM mpaka Kilimanjaro au Dar, au Aeroplan, mpango wa maili wa Air Canada, ukapanda Ethiopian. Ada yake ni 95. Kumbuka tu Chase wana utaratibu wao unaojulikana, ukiwa umefungua kadi tano au zaidi kwa miezi 24 iliyopita, benki yoyote, kwa kawaida wanakukatalia, ndo sababu nyingine ya kutorusha maombi sasa.

Blue Cash Preferred inatoa asilimia 6 supamaketi mpaka dola 6,000 kwa mwaka, ada 95. Ukilinganisha na kadi yako ya asilimia 2, tofauti ni 4, kwahiyo unahitaji kununua vya 2,375 kwa mwaka ndo ada irudi, kama 46 kwa wiki. Inaonekana rahisi, lakini umeniambia unanunua Walmart na kwa Wasomali kwenye nyama ya halali. Walmart Amex hawaihesabu kama supamaketi, Costco hawapokei Amex kabisa, na duka dogo la halali linategemea mashine yake imesajiliwa vipi, kuna mengine yanasoma kama duka la kawaida unapata asilimia 1. Kwa manunuzi yako ya sasa utalipa ada ya hiyo kadi bure. Kama siku moja ukihamia supamaketi ya Kroger kwa kila kitu, tuongee.

Kuhusu Desemba, mambo mawili matatu ya haraka. Usichukue kadi ya krediti ukaitia kwenye ATM ya Dar au Tanga, hiyo wanahesabu ni kukopa pesa taslimu, ada papo hapo na riba toka dakika ile, tumia debit. Hata kutuma pesa nyumbani kwenda kwenye simu kwa kutumia kadi ya krediti benki nyingine wanaihesabu hivyo hivyo, na najua wengi tunafanya usiku tukipigiwa simu ya dharura, weka debit kwenye hiyo app leo ukiwa umetulia. Angalia kadi zako ipi inakata ada ya nje, kawaida ni asilimia 3, usiibebe hiyo. Za Capital One hazikati. Na ukilipa hotelini mashine ikakuuliza dola au shilingi, chagua shilingi, ukichagua dola wanakubadilishia kwa bei yao. Ukweli Tanga utatumia simu na noti tu.

Kwahiyo Jumatatu una simu tatu, ya kadi ya ada, ya ndege, na ya dipoziti, zipige asubuhi kabla ya zamu ukiwa na kalamu, andika jina la uliyeongea nae na saa. Alafu fungua stetimenti ya fanicha unitumie ile tarehe ya mwisho ya ofa kama ilivyoandikwa, ikiwa iko kabla ya ile siku ya kupokea mchezo itabidi zile 175 za mwezi wa 8 na wa 9 nazo tuzipeleke fanicha na nikupangie hesabu upya.